Kamera Nane na Ukurasa Unaodai Internet Explorer

Nyumba ya wageni inayohusika imo ndani ya Mji Mkongwe, Unguja, kwenye kichochoro ambacho hata vespa hupita kwa taabu. Ina ghorofa tatu, ua wa ndani, mapokezi chini ya ngazi, na kamera nane kuanzia mlango wa nje hadi juu ya paa wageni wanapokunywa chai. Picha zote huingia kwenye kinasa kimoja, kile ambacho mafundi wa Darajani hukiita DVR. Kwa miaka kadhaa kijana wa mapokezi alizitazama kamera hizo kwenye kompyuta yake: anafungua Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, anaandika anwani ya kinasa, anaweka nywila, picha nane zinatokea.

Mwishoni mwa 2025 kompyuta hiyo ikawekwa Linux Mint, mfumo endeshi huria, badala ya Windows. Barua pepe zikaendelea, kurasa za kuwekea nafasi vyumba zikaendelea, printa ikachapa. Kamera hazikutazamwa kwa wiki kadhaa kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja nazo. Kisha Jumatano moja mgeni akalalamika kwamba mkoba wake mdogo ulipotea uani Jumatatu, kiasi cha saa nane mchana. Kijana akafungua Firefox, akaandika anwani ileile na nywila ileile, na mahali pa picha pakatokea mraba mweusi wenye sentensi ya Kiingereza inayomtaka apakue plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye kivinjari. Alipobofya likashuka faili la .exe, ambalo limetengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake.

"Shangazi, kompyuta haina ubaya," alimwambia mwenye nyumba, "ukurasa wenyewe ndio hautaki."

"Mimi nataka nione nani kapita uani," shangazi yake akamjibu. "Hayo mengine yenu wenyewe."

Akapigiwa simu fundi aliyefunga kamera. Jibu lake lilikuwa fupi: rudisheni Windows.

Jibu hilo ndilo linalonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu. Mafundi wengi wangelitoa, na wateja wengi wangelikubali, kwa kuwa linaonekana ni la busara: kitu kilikuwa kikifanya kazi, mmekibadilisha, kirudisheni. Lakini tukilifuata hadi mwisho tutaona kwamba ukurasa mmoja wa kamera ulikuwa umeamua, kwa miaka, ni mfumo endeshi gani utumike kwenye kompyuta inayohifadhi nakala za pasi za wageni wote. Gharama ya plagini ile ilikuwa ikilipwa mahali pengine, na hakuna aliyeiona.

Kwanza picha zisifutike

Kabla ya kugusa kompyuta kulikuwa na jambo la haraka zaidi. Kinasa kilikuwa na diski ya TB 1 na kilirekodi kamera zote nane mchana na usiku. Kila kamera ilitumia megabiti 2 kwa sekunde, jumla megabiti 16, yaani megabaiti 2 kila sekunde. Kwa siku nzima hizo ni kama GB 173, na diski inajaa kabla siku sita hazijatimia, kisha inaanza kuandika juu ya picha za zamani. Mkoba ulipotea Jumatatu, na malalamiko yakaja Jumatano. Kuanza mjadala wa Linux na Windows huku diski inazunguka ni kupoteza ushahidi.

Kinasa cha namna hii ni kompyuta ndogo inayojitegemea. Nyuma yake kina tundu la HDMI na tundu la kipanya. Mimi na kijana tuliteremsha televisheni ya sebuleni, tukaichomeka, na picha nane zikatokea papo hapo, bila kivinjari, bila plagini, bila mtu kuuliza kompyuta ya mapokezi ina mfumo gani. Nashangaa kwamba fundi hakulitaja hilo kwenye simu, kwa sababu ndivyo alivyokiweka kinasa siku ya kwanza.

Kijana akaingia kwenye menyu ya kutafuta rekodi, akachagua Jumatatu, saa 14:00, kamera ya uani. Akaona ua wenye mwanga wa asubuhi na wageni wanakula mkate wa kumimina na mayai. Akasogeza mbele, akasogeza nyuma, akasema rekodi za mchana zimepotea.

Hazikupotea. Saa ya kinasa ilikuwa bado kwenye majira ya kiwandani, GMT+8, majira ya China. Sisi tuko GMT+3. Kila kilichotokea uani saa 8 mchana kiliandikwa kwenye diski kwa muhuri wa 19:00, na alichokuwa akikitazama kwa jina la 14:00 ni chai ya saa 3 asubuhi. Kwa muda wote waliotumia ukurasa wa zamani walitazama picha za moja kwa moja tu, kwa hiyo tofauti ya saa tano haikumsumbua mtu. Tulipokwenda 19:00 mkoba ukaonekana: ulibebwa na mwenzake mgeni huyohuyo, akapanda nao juu ya paa. Habari ya mkoba ikaishia hapo, kwa kicheko na kidogo cha aibu.

Kipande hicho tulikihamishia kwenye flashi, iliyobidi iwe na mpangilio wa FAT32 kwa sababu kinasa hakikutambua nyingine. Faili lililotoka lilikuwa na umbo la mtengenezaji mwenyewe, na pamoja nalo kinasa kiliweka kichezeshi chake, cha .exe pia. Ndani ya faili lakini picha ni H.264 ya kawaida, njia ya kubana video inayotumika kila mahali. Programu ya ffmpeg kwenye Linux ililisoma na kuligeuza kuwa MP4 kwa amri moja yenye `-c copy`, yaani bila kuzikandamiza picha upya, na kazi ikaisha ndani ya sekunde chache.

Kwa nini kompyuta ilitolewa Windows

Hapa hapana mengi. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imeweka njia ya kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, lakini mwaka ni mwaka. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta ya mapokezi ni ya kizazi cha sita, ina kumbukumbu ya GB 4, na haina kasoro. Kuitupa kwa kazi ya barua pepe na kurasa za mtandao ni israfu. Linux Mint 22 inahudumiwa hadi 2029.

Kilichonishughulisha zaidi ni hali ya Windows ile kabla haijaondolewa. Microsoft iliistaafisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022, na Februari 2023 ikaizima kabisa kwenye Windows 10 kupitia sasisho la kivinjari cha Edge. Sasa kijana huyu aliitumiaje mpaka 2025? Aliitumia kwa sababu masasisho yalizimwa siku kamera zilipofungwa. Zaidi ya hapo, ili plagini ikubali kuwekwa, ulinzi wa ActiveX, utaratibu wa plagini wa Internet Explorer, ulishushwa hadi chini kabisa, na haukupandishwa tena. Kompyuta inayopokea namba za kadi za wageni na viambatisho vya barua pepe kutoka kila pembe ya dunia ilikaa hivyo, mlango wazi, ili ukurasa wa kamera upendezwe.

Kwa hiyo "rudisheni Windows" maana yake ni kurudisha Windows ya namna hiyo. Windows iliyosasishwa nayo haifungui ukurasa ule hivihivi. Edge ina hali maalumu ya kuiga Internet Explorer, ambayo Microsoft imeahidi kuidumisha hadi 2029 angalau, lakini mtumiaji lazima aiwashe, auongeze ukurasa kwa mkono, na kwa mipangilio ya kawaida ruhusa hiyo huisha baada ya siku 30 na kuombwa upya. Edge ya Linux haina hali hiyo kabisa.

Plagini inafanya nini hasa

Katikati ya miaka ya 1990 kivinjari kilijua maandishi na picha za kutulia, basi. Netscape ikaweka utaratibu ulioitwa NPAPI, wa kuruhusu programu ya mtu mwingine ichore ndani ya mraba wa ukurasa. Microsoft mwaka 1996 ikaja na ActiveX, ambayo ni msimbo wa Windows unaoendeshwa moja kwa moja na Internet Explorer. Flash, Java na baadaye Silverlight ya mwaka 2007 zikaenea kwa njia hizo. Aliyekuwa na Windows alibofya "kubali" na akaendelea na safari yake. Aliyekuwa na mfumo mwingine alisubiri huruma ya mwenye plagini.

Huruma hiyo ilikuwa haba. Mwaka 2012 Adobe iliisimamisha Flash ya Linux kwenye toleo la 11.2, ikaahidi kuziba matundu ya usalama tu, na ikabadilisha nia miaka minne baadaye. Microsoft haikutoa Silverlight ya Linux. Novell ilijaribu kuiiga kwa mradi wa Moonlight, ambao ulikwama zaidi kwenye filamu zilizofungwa kwa kufuli za haki miliki, na mradi ukaachwa. Mwaka 2013 vijana wachache wakatengeneza Pipelight, iliyoibeba Silverlight ya Windows yenyewe na kuiendesha kwenye kivinjari cha Linux kwa msaada wa Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, na ilikufa kwa sababu isiyowahusu: Chrome iliondoa NPAPI yote Septemba 2015, Firefox ikaondoa plagini zote isipokuwa Flash mwezi Machi 2017, na Flash yenyewe ikazimwa Januari 2021.

Hata ofisi kubwa zilinaswa. Flash ilipozimwa, mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini ilitoa kivinjari chake yenyewe mwezi huohuo wa Januari 2021 ili fomu zake za kodi ziendelee kufunguka, nacho kilikuwa cha Windows.

Ofisi ile lakini ilikuwa na jambo ambalo nyumba yetu ya wageni haina. Fomu zake zinakaa kwenye seva moja, na zikiandikwa upya mara moja, kila mtu nchini anapata mpya siku hiyohiyo. Ukurasa wa kinasa umechomwa ndani ya kinasa, kwenye rafu, chini ya ngazi. Mtengenezaji akitoa programu mpya, na kwa vinasa vya bei ya chini mara nyingi hatoi, lazima mtu aje na flashi aiweke. Hakuna anayekuja. Ndiyo maana maradhi haya, ambayo mtandao wa kawaida ulishayaponya, yanaendelea kuishi kwenye vinasa vya kamera, mashine za kuhudhuria kazini kwa alama za vidole, na vidhibiti vya majenereta.

Sasa tuiangalie plagini ya kinasa. Ukurasa wenyewe ni ganda. Plagini ikishapata nywila hufungua mawasiliano yake na kinasa kupitia lango la mtengenezaji (mlango wa mawasiliano wenye namba yake), inapokea mkondo wa H.264, inaufumua, inauchora kwenye mraba. Kazi yake yote ni hiyo. Wakati kinasa kinatengenezwa, kazi hiyo haikuwezekana ndani ya kivinjari kwa njia ya kuaminika, kwa hiyo simlaumu aliyeibuni. Ila tukishajua hivyo, swali linabadilika. Badala ya kuuliza namna ya kuiweka plagini kwenye Linux, tunauliza kama mkondo ule wa picha unapatikana kwa njia nyingine.

Njia tulizozipita kando

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hupendekeza ni kukifanya kivinjari kijitambulishe kuwa ni Internet Explorer. Hila hiyo hufaa pale ukurasa unapokataa kwa jina tu, kama zilivyokuwa tovuti nyingi za zamani ambazo zingefanya kazi vizuri kama zisingeuliza. Hapa ukurasa ulisadiki, ukaita ActiveX, na ActiveX haikuwepo.

Wine inastahili heshima zaidi. Inaweza kuweka faili la .exe, na mara nyingine ActiveX ya biti 32 hukubali kusajiliwa na kuchora picha. Mara nyingine huchora mraba mweusi. Nimeona vinasa viwili vya aina moja, kimoja kinakubali na kingine hakitaki, tofauti yake ni toleo la plagini tu. Nyumbani kwako ujaribu, ukipenda mchezo huo. Mapokezi, ambapo kijana wa zamu ya usiku lazima aone mlango saa 9 alfajiri, sikuthubutu.

Kuiweka Windows ndani ya Linux kama kompyuta ya kufikirika, kwa VirtualBox, ni njia ya uhakika na sidharau anayeichagua. Inahitaji leseni na kumbukumbu. Kwa GB 4 zilizopo, Windows ingechukua nusu na kivinjari cha mapokezi kingesota. Tena ungekuwa umeihifadhi Internet Explorer ileile isiyosasishwa, safari hii ndani ya sanduku, jambo ambalo angalau ni bora kuliko nje ya sanduku. Kama kinasa kisingekuwa na njia nyingine, ningeikubali.

Lango 554

Programu ya nmap, ikielekezwa kwenye anwani ya kinasa, ilionyesha malango matatu yaliyo wazi: 80 la ukurasa, moja la mtengenezaji, na 554. Hilo la tatu lilinipa raha, kwa sababu 554 ni lango la RTSP, itifaki ya wazi ya kupeleka picha na sauti, iliyochapishwa kama RFC 2326 mwezi Aprili 1998. Waandishi wake walitoka Chuo Kikuu cha Columbia, RealNetworks na, kwa mzaha wa historia, Netscape. Nyumba iliyotuletea plagini ilishiriki pia kutuachia njia ya kuikwepa.

RTSP inahitaji anwani kamili, na mkia wa anwani hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Wengi huanza kubahatisha kwa kunakili mikia kutoka mtandaoni. Afadhali ni kukiuliza kinasa chenyewe. Tangu 2008, Axis, Bosch na Sony walipoanzisha ONVIF, kiwango cha pamoja cha vifaa vya kamera, vifaa vingi vya kamera vinaelewa maswali ya pamoja, na mojawapo, GetStreamUri, hujibiwa kwa anwani ya mkondo. Kwenye kinasa chetu ONVIF ilikuwa imezimwa. Tuliiwasha kupitia televisheni, tukaiundia mtumiaji wake mwenye ruhusa ya kutazama tu, na kikatupa anwani kumi na sita: mbili kwa kila kamera, mkondo mkubwa na mkondo mdogo.

Picha ya kwanza tuliifungua kwa mpv, kichezeshi chepesi kinachopatikana kwenye hazina ya Mint. Ilitokea, kisha ikaanza kupaka rangi ya kijivu, sura za watu zikavutika kama zimelowa. Hapo nyumba yenyewe ilikuwa na neno lake. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mkono mzima, na Wi-Fi inayotoka ghorofa ya kwanza hufika mapokezi ikiwa taabani. Kwa barua pepe hutambui. Kwa video inayokwenda bila kusita, kila pakiti iliyopotea inaonekana. Kuilazimisha RTSP ipite kwa TCP, ambayo hutuma upya pakiti zilizopotea, kulipunguza kijivu lakini kukaleta kuchelewa. Dawa ilikuwa waya: mita kadhaa za kebo ya mtandao kutoka kwenye swichi, zikapitishwa pembeni ya boriti zilipokwishapita nyaya za kamera. Wakati tuko juu huko tuliona viungio viwili vya kamera ya paani vimeliwa na hewa ya chumvi, tukavibadilisha. Kamera hiyo ilikuwa na michirizi tangu zamani na kila mtu aliamini ni ya bei rahisi.

Kijana lakini hakutaka kufungua vichezeshi nane. Alitaka ukurasa, kama zamani. Vivinjari havifungui RTSP vyenyewe, kwa hiyo pakahitajika mkalimani katikati: go2rtc, programu huria ya faili moja, inayopokea mkondo wa RTSP na kuutoa kwa WebRTC, njia ambayo kila kivinjari cha leo kinaielewa bila nyongeza. Tukaiandikia anwani nane za mikondo midogo. Kamera mbili zilikataa, kwa kuwa zilikuwa zimewekwa kwenye H.265, ambayo uwezo wa vivinjari kuifungua hutegemea kompyuta na mfumo. Tukabadilisha mikondo yao midogo kuwa H.264 na zikaja. Kamera ya mlango wa nje tuliipa mkondo mkubwa, kwani mdogo, wa vidoti 352 kwa 288, unaonyesha kwamba mtu ameingia lakini hauonyeshi ni nani.

Vitu viwili vidogo hapo vina uzito. Kwa kawaida yake go2rtc husikiliza mtandao mzima wa ndani bila nywila, na mtandao wa ndani wa nyumba ya wageni umejaa wageni. Tuliifunga isikilize kompyuta ya mapokezi peke yake, kwenye 127.0.0.1. Na tuliisajili ianze yenyewe kompyuta inapowaka, kwa sababu umeme wa Unguja unajulikana, na kijana wa zamu hawezi kupigiwa simu kila unaporudi ili aandike amri.

Prosesa ya kizazi cha sita haikutokwa na jasho. Mkalimani hafumui picha, anazipitisha tu, na kazi ya kuzifumua anaifanya Firefox.

Ndugu wa Muscat

Kilichobaki hakikuhusu Linux wala plagini, lakini kilijitokeza tulipofungua rauta. Mwenye nyumba ana kaka yake Muscat, mwenye hisa, ambaye hupenda kuona hali ya mlangoni. Ili aone, fundi alikuwa amefungua lango 80 na lile la mtengenezaji kuelekea dunia nzima, na nywila ya kinasa ilikuwa ileile ya kiwandani.

Anayedhani hilo ni jambo dogo akumbuke Mirai. Mwaka 2016 programu hiyo ovu ilizunguka mtandaoni ikijaribu nywila za kiwandani, zipatazo sitini, kwenye kamera na vinasa kama hiki, ikakusanya jeshi lake humo, na tarehe 21 Oktoba jeshi hilo likaishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti (DNS), hadi Twitter na tovuti nyingine kubwa zikashindwa kufunguka kwa saa kadhaa. Wenye vinasa hawakujua chochote. Picha zao ziliendelea kuonekana.

Tuliyafunga malango yote mawili, tukabadilisha nywila, na kwenye kompyuta ya mapokezi tukaweka WireGuard, njia ya faragha ya kuingia mtandao wa ndani kutoka mbali (VPN), ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la 2020. Kaka mtu anawasha WireGuard kwenye simu yake na anakifikia kinasa kama yuko ndani ya nyumba. Imewezekana kwa sababu laini ya nyumba ina anwani yake ya hadharani. Kwa laini nyingi za simu, ambapo wateja wengi hushiriki anwani moja, ingebidi pawepo seva ndogo ya kukodi katikati.

Alipiga simu siku ya pili. "Hii yenu mpya inanitaka nibonyeze kitu kwanza," alimlalamikia dada yake. "Ya zamani nilikuwa nafungua tu."

"Na wewe na kila mtu mwengine duniani," akajibiwa.

Kilichobaki vilevile

Kutafuta rekodi za nyuma bado hufanyika kwenye televisheni. Kuna vinasa vinavyokubali kupeleka rekodi kwa RTSP ukitaja saa ndani ya anwani, hiki hakikubali. Ukurasa wake wa zamani bado upo, bado unadai plagini, na hatuuhitaji, kwa kuwa hata mipangilio ya saa, ambayo sasa ni GMT+3, tuliifanyia kwenye televisheni. Monita ndogo ya mtumba imewekwa kando ya kinasa ili televisheni ya wageni isiteremshwe tena.

Kinasa kipya kitanunuliwa hiki kikifa, na diski ya zamani inalia kidogo, kwa hiyo si mbali. Kijana ameshapita madukani Darajani na Mlandege. Anabeba kompyuta mpakato yenye Linux na kebo ya mtandao, anamwomba muuzaji akiwashe kinasa palepale, anafungua Firefox na kuandika anwani. Kwenye maduka mawili picha zimetokea bila kuulizwa plagini. Duka la tatu muuzaji alimwambia, "Hii nzuri sana, yakhe, ila inataka Windows," kijana akamshukuru na kuendelea mbele.